Papa Stanislas Mwenze, Mwenye Fimbo ya Uwanja wa Shabaha (1961–2025)

Mapadri, majirani wa Bel-Air, wanakilabu, na ninyi ndugu mliotoka Kabalo kwa treni mkafika jana na vumbi lenu lote: huyu tunayemzika leo, Alhamisi tarehe 12 Juni 2025, alikuwa na kazi ambayo wengi wenu hamkuielewa. Mlijua tu kwamba anashinda mahali penye bunduki. Wengine walidhani ni mwanajeshi, wengine mlinzi wa getini, na mama mmoja wa avenue yetu alikaa miaka akiamini kwamba ni mwindaji anayewanyima majirani nyama. Hapana. Papa Stanislas alikuwa msimamizi wa usalama kwenye uwanja wa shabaha, wenyewe wanaita directeur de tir. Kazi yake ilikuwa moja: kila aliyeingia uwanjani asubuhi atoke jioni na mwili mzima. Aliifanya miaka ishirini, na hakuna hata mmoja aliyetoka akichechemea. Kwa hiyo mpwa wake Huguette, anayewasomea wasifu huu, ameombwa na familia asome kwa sauti ya juu, maana hapa kuna kilio lakini kuna na jambo la kujivunia.

Stanislas Mwenze alizaliwa Kabalo tarehe 14 Machi 1961, mtoto wa tatu kati ya saba wa Papa Léonard Mwenze na Mama Bernadette Kisimba. Papa Léonard alikuwa msaidizi wa mkuu wa kituo cha treni, na nyumba yao ilikuwa karibu na njia kiasi kwamba treni ikipita, sahani zinasogea zenyewe mezani. Reli ilikuwa moja tu, ya kwenda na ya kurudi. Ili treni mbili zisikutane uso kwa uso, kila kipande cha njia kilikuwa na fimbo yake moja. Dereva asiyekabidhiwa fimbo haondoki, awe amebeba madini au amebeba gavana.

Alipokuwa na miaka saba, Stanislas aliichukua fimbo hiyo ofisini mwa baba yake akaenda kuchezea nayo nyuma ya nyumba. Treni ikakaa Kabalo saa tatu nzima, abiria wakashuka, wakawasha moto, wakaanza kukaanga samaki pembeni ya reli. Papa Léonard alipomkuta mtoto wake hakumchapa. Alimshika mkono akamsimamisha mbele ya dereva, akamwambia: « Muangalie huyu papa. Ile iko kipande ya muti tu, na yeye iko na mashini ya kushinda nyumba yetu, lakini amekaa. Anaiheshimu juu anapenda kurudia kwake. » Stanislas alisimulia kisa hiki mara nyingi sana mezani, na kila mara samaki waliongezeka.

Mwaka 1972 Papa Léonard alihamishiwa Lubumbashi, familia ikapanga Kampemba. Stanislas alimaliza shule ya msingi kwa mapadri, akaingia shule ya ufundi, akapata diploma ya Serikali ya mécanique générale, ufundi wa mitambo, mnamo Julai 1981. Bulletin yake, ripoti ya shule ya mwaka wa tano, ipo mpaka leo. Mwalimu aliandika chini yake: « Kijana mpole, kichwa ngumu. » Mama Bernadette alipoisoma alisema mwalimu huyo ana macho.

Kutoka mwaka 1982 alikuwa fundi katika karakana ya reli. Huko, kwenye ubatizo wa mtoto wa rafiki, alikutana na Victorine, binti wa fundi cherehani aliyetoka Kongolo. Walifunga ndoa Jumamosi tarehe 19 Agosti 1989, wakajenga Bel-Air, wakajaliwa David, Séphora na Bénit. Nyumba yao ilikuwa na sheria ambazo mgeni alijifunza kabla hajakaa. Kisu unampa mtu kwa mpini. Anayetoa sufuria ya bukari, ugali wetu, jikoni anatangaza « Njia! », na wote waliomo ndani, wakubwa kwa wadogo, wanabandika migongo ukutani mpaka sufuria ifike mezani. Baba mkwe alipokuja kutembea mara ya kwanza alicheka hadi machozi. Mara ya pili alikuwa wa kwanza kufika ukutani, na alibaki hapo akiuliza kama bukari imeshapita.

Alipoacha reli mwaka 1997 alitengeneza pampu, vinu vya kusagia, kila kitu chenye msumari. Hapo Februari 2004 akaitwa kutengeneza bunduki za kilabu cha Cible d'Or, kilometa ishirini na mbili kwenye barabara ya Kasenga. Wanakilabu walikuwa wafanyabiashara, wawindaji wenye vibali, walinzi wa makampuni waliokuja kujifunza. Siku ya kwanza tu, mafuta bado mikononi, aliona watu watatu wamekwenda mbele kuangalia shabaha zao, na nyuma yao mtu wa nne anachezea bunduki akiongea na mwenzake kuhusu bei ya mahindi. Stanislas aliweka bisibisi chini. Alisema jasho lilimtoka kana kwamba ni yeye aliyesimama kule mbele.

Jumamosi iliyofuata alirudi na fimbo. Aliichonga mwenyewe, urefu wa mkono, akaipaka rangi nyekundu na nyeupe, akaivisha pete ya shaba kila upande. Akawapanga wakubwa wote wa kilabu akawaeleza sheria ya Kabalo. Anayetaka kwenda kwenye shabaha anachukua fimbo. Fimbo ikiwa mbele, bunduki zote ziko chini, zimefunguliwa, hazina risasi, na hakuna anayezigusa. Fimbo ikirudi mkononi mwa msimamizi, ndipo anapandisha kibendera cha kijani. Na neno la mwisho, ambalo alilisema mara mbili: fimbo inarudishwa na mkono ule ule ulioichukua. Walicheka, wakamwita chef wa gare, mkuu wa kituo. Lakini wake zao walipoisikia sheria hiyo hawakucheka, na mwezi haujaisha Stanislas akapewa kazi hiyo rasmi. Mwaka 2008 alitumwa Ndola kwa mafunzo, akarudi na cheti ambacho Mama Victorine alikitundika sebuleni juu ya televisheni.

Sasa tufike Jumapili tarehe 6 Novemba 2016, maana ninyi wa kilabu mmekuwa mkinikodolea macho tangu nianze kusoma.

Ilikuwa fainali ya kombe. Wageni walitoka Likasi na Kolwezi, viti vilijaa, buvette iliishiwa vinywaji kabla ya saa sita. Walibaki wapigaji wanne, na mmoja wao alikuwa rais wa kilabu, Bwana Onésime, mfanyabiashara wa malori kutoka Butembo, mtu mkarimu, mtu wa watu, ila kombe hilo alikuwa amelikosa miaka mitatu mfululizo na lilikuwa limemkaa rohoni. Alikuwa anaongoza kwa pointi mbili. Mawingu meusi yalishapanda upande wa Kasenga na kila mtu alijua mvua ikishuka hakuna fainali.

Kabla ya mzunguko wa mwisho, Stanislas alimkabidhi fimbo Bijou Kalaba. Bijou alikuwa na miaka ishirini na sita, na kazi yake ilikuwa kuhesabu matundu kwenye shabaha na kuyaziba kwa vipande vya karatasi na gundi ya unga wa muhogo. Wapigaji wanne walimfuata kuangalia. Walipomaliza wakaanza kurudi, na Bwana Onésime, kwa adabu tu, alipomwona dada wa watu amebeba ndoo ya gundi, brashi na karatasi, akampokea fimbo. Akatangulia nayo, akipiga hadithi na wageni. Nyuma yake Bijou akageuka kidogo, akaona karatasi ya shabaha ya nne imeng'olewa na upepo. Akarudi kuibandika. Bwana Onésime hakugeuka.

Alifika kwenye mstari, akaweka fimbo mkononi mwa Stanislas, akachukua bunduki, akaweka risasi. Wenzake wakafanya vile vile. Stanislas alitazama fimbo. Akatazama mkono uliomletea. Kibendera cha kijani kilibaki chini.

« Papa Stani, fimbo iko mu mukono yako, » akasema Bwana Onésime. « Unangoya nini tena? »

« Nangoya ule mwenye alienda nayo. »

« Ni miye nimekuletea. »

« Ndio, patron, njo weye umeleta. Lakini mwenye alienda nayo ni Bijou. Bijou iko wapi? »

Wote wanne wakageuka. Mmoja akasema amemwona buvette. Stanislas akamtuma mlinzi akaangalie buvette: hayupo. Mwingine akasema basi amekwenda chooni, na kwa hilo hakuna mwanaume aliyetaka kutumwa. Mbele, mita mia moja, zilisimama fremu nne za mbao na kaukuta kadogo ka udongo chini yake, na hakukuwa na kitu kinachotikisika. Stanislas akapuliza filimbi mara tatu kwa nguvu zake zote. Kimya. Watu kwenye viti wakaanza kupiga makofi ya kejeli, maana kama kungekuwa na mtu kule si angeitika?

« Mutoe balle, muweke fusil chini, » akasema Stanislas. « Nitume mutu aende kuangalia. »

Watatu walitoa risasi, wakaweka bunduki chini. Bwana Onésime hakuweka. Kwake yeye, kuweka bunduki chini na mvua ile ilikuwa sawa na kuweka kombe chini. Na sheria ilikuwa wazi: bunduki moja ikiwa bado ina risasi mkononi mwa mtu, hakuna anayetumwa mbele. Basi wakakwama, msimamizi na rais wake, macho kwa macho.

Stanislas alimsimulia baadaye Mama Victorine aliyokuwa akiyawaza pale. Alikuwa na miaka hamsini na mitano. Séphora alikuwa mwaka wa tatu wa udaktari pale chuo kikuu, Bénit anajiandaa kwa diploma, na mshahara ulikuwa mmoja tu nyumbani mwake. Dakika zilivyokwenda akaanza kujiona mjinga. Labda Bijou amekaa mahali kivulini anakula ndizi yake. Labda watamcheka mpaka kaburini kwa ajili ya kipande cha mti. Alijua jambo moja tu, kwamba hajamwona kwa macho.

« Patron, tosha balle. »

« Onyesha kibendera, Papa Stani. Bageni banatuangalia. »

« Sitaonyesha. »

« Basi kesho usirudie huku. »

« Kesho sitarudia, » akajibu Stanislas. « Leo niko hapa. »

Ziliisha dakika kumi na moja. Tunazijua kwa sababu mgeni mmoja kutoka Likasi alikuwa anazihesabu kwenye saa yake ili alalamike vizuri. Matone ya kwanza yakaanguka. Na hapo, kule mbele, nyuma ya shabaha ya nne, kikainuka kitambaa cha njano, kikafuata kichwa, yakafuata mabega. Bijou Kalaba alisimama, akajinyoosha mgongo, brashi mkononi. Alikuwa amepiga magoti nyuma ya kale kaukuta muda wote huo, anangoja gundi ishike kwenye upepo, masikio yamezibwa na vile vifuniko vya kuzuia kelele ambavyo Stanislas mwenyewe alimlazimisha avivae kila siku. Hapo aliposimama, kifua chake kilikuwa nyuma kabisa ya duara jeusi. Na ile shabaha ya nne ilikuwa ya Bwana Onésime.

Makofi yalikatika. Watu walishika vichwa. Bwana Onésime alifungua bunduki, risasi ikaanguka kwenye majani, akaiweka chini taratibu, kisha yeye mwenyewe akakaa chini kwenye tope na suruali yake ya kaki, na mvua ikamnyeshea hapo hapo. Bijou alikuja mbio akiomba msamaha kwa kuchelewesha fainali. Alidhani wamemkasirikia. Stanislas alimpa fimbo, akamwambia: « Nirudishie. » Akamrudishia. Stanislas akaipokea, akakunja kibendera.

Jumatatu hakwenda kazini, maana ameambiwa asirudi, na yeye na maneno hakuwa na mchezo. Jumanne saa kumi alasiri gari la Bwana Onésime likasimama hapa Bel-Air. Aliingia na mke wake, Mama Kyakimwa, na ni mama aliyeanza kusema, kwa sababu mume wake alikuwa amekaa kwenye kochi anatazama viatu.

« Papa Stani, tangu juzi huyu halali. Umurudilie. »

« Nitarudia, mama. Lakini na yeye arudilie masomo ya bapya. Kila Samedi, saa mbili ya asubui, Samedi ine. »

Mama Kyakimwa alicheka kwanza, halafu akaona Stanislas hacheki. Hivyo ndivyo rais wa kilabu cha Cible d'Or, mwenye malori kumi na manane, alivyosimama Jumamosi nne kwenye foleni moja na walinzi wapya wa miaka ishirini, anafundishwa jinsi ya kushika bunduki isiyo na risasi. Hakukosa hata moja. Kombe alilichukua mwaka uliofuata, na leo yuko hapa, yeye ni mmoja wa wanaume sita watakaobeba jeneza.

Papa Stanislas aliendelea mpaka Machi 2024, akafundisha wasimamizi watatu wa kumrithi. Figo zilikuwa zimeanza kumsumbua tangu Januari mwaka huo. Alipambana. Hata kitandani hospitalini hakuacha kazi: wageni aliwaingiza wawili wawili, na muuguzi aliyekuja na sindano alitakiwa kwanza aonyeshe ncha iko upande gani. Wauguzi walimpenda, wakawa wanagombania zamu ya chumba chake. Wiki ya mwisho maumivu yalizidi, na tusidanganyane, aliteseka, na nyumba nzima iliteseka naye. Asubuhi ya Jumatatu tarehe 9 Juni 2025 alimuuliza Mama Victorine: « Batoto bote iko? » Bénit alikuwa bado kwenye teksi, kwa hiyo mama, aliyemjua mume wake, hakumwongopea. Alisema: « Bénit iko mu njia. » Stanislas akangoja. Bénit aliingia saa nne na dakika ishirini. Baba yake alifariki saa nne na dakika arobaini, akiwa na miaka sitini na minne.

Anaacha mjane wake, Mama Victorine, watoto wake David, Séphora na Bénit, wajukuu wanne, dada yake mkubwa, Mama Mwansa, na wadogo zake wawili, wakwe, wapwa, na marafiki wengi wa Kabalo, Kampemba na kilabu.

Hapo ndipo orodha ilipotakiwa kuishia. Jana alasiri, tulipokuwa tunaiandika, David alisema tumweke na Bijou Kalaba. Mama Mwansa alikataa katakata. Alisema hii ni karatasi ya familia, huyu si damu yetu, na tukianza hivyo tutaandika kilabu kizima na wageni wa Likasi juu yake. Alikuwa na haki, ndiyo desturi, na hakuna aliyetaka kubishana naye mbele ya msiba. Bijou mwenyewe alikuwa uani na wanawake wengine, anachambua sombe, majani ya muhogo, hakujua kinachosemwa. Mama Victorine aliinua kichwa.

« Yaya, » akamwambia wifi yake, « toka inje, uhesabu batoto benye iko naye. »

Mama Mwansa alitoka. Alikaa huko nje muda. Aliporudi alininyang'anya kalamu, mimi Huguette, akaandika mwenyewe kwa herufi zake kubwa za zamani, na sisi tumechapa kama alivyoandika:

« Anaacha tena Bijou Kalaba, na batoto yake: Caleb, miaka saba. Léa, miaka ine. Abigaïl, miezi mbili. »

Mungu ampokee mtumishi wake Stanislas, ampe pumziko na amani isiyokwisha.